Mfanyakazi ameshikwa na kifafa zamu ya usiku, bosi anataka aondoke: tufanyeje?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda cha mikate mkoani Morogoro, tuko watu 34. Mwezi uliopita tulimhamisha kijana wetu wa kukanda unga kutoka zamu ya mchana kwenda ya usiku. Wiki ya pili tu, saa 9 usiku, akaanguka karibu na mashine, akakakamaa na kutetemeka. Wenzake walimkandamiza mikono, wakamtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Alipopata fahamu alisema ana kifafa tangu utotoni na dawa anatumia. Sasa wenzake hawali naye sahani moja na wamemtengea kikombe. Bosi anasema kijana alificha ugonjwa, tumwachishe kabla hajaungulia kwenye tanuri. Mimi naona si haki, ila sijui pa kuanzia. Tena nahisi humu ndani wapo wengine wenye maradhi yao wameyafunika. Naomba mwongozo.

Jibu: Kwanza, barua ya kumwachisha isiandikwe. Hata ile ya "kupumzika nyumbani hadi utakapopona" isiandikwe, maana kifafa hutibiwa kwa miezi na miaka, na barua ya namna hiyo kwa vitendo ni kumfukuza bila kutaja neno lenyewe.

Pili, soma upya maelezo yako. Siku zote za mchana hamkuwahi kumwona akianguka. Mmempeleka usiku, wiki ya pili ameanguka. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya mashambulio ya kifafa. Mtu anayekesha usiku mara nyingi halali vya kutosha mchana: kuna joto, kuna kelele za mtaa, kuna watoto. Juu ya hapo kuna dawa. Wagonjwa wengi hapa nchini hutumia fenobabitoni, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku wakati wa kulala, na inaleta usingizi. Mtu anayeingia zamu jioni yuko njia panda: ameze asinzie mbele ya mashine, au aiache awe macho? Wapo wanaoiacha. Na fenobabitoni ikikatwa ghafla, mwili huweza kujibu kwa mashambulio makali kuliko yale ya awali, na yanaweza kufuatana bila mtu kupata fahamu katikati. Kwa hiyo kabla hamjamhesabu kijana kuwa ndiye tatizo, chunguzeni zamu mliyompangia.

Kaa naye faraghani, wawili tu, si mbele ya msimamizi wa zamu wala bosi. Usianze na "mbona hukutuambia?" Anza kwa kumpa pole ya jino, kisha mwambie unataka abaki kazini na unahitaji msaada wake. Mambo unayotaka kuyajua ni machache. Akishikwa huwa inakuwaje: anaanguka na kutetemeka, au wakati mwingine anaduwaa tu, anakodoa macho, anatafuna hewa au kuchezea vifungo vya shati? (Hii ya pili ni kifafa pia, na ndiyo watu huiita kiburi au bangi.) Je, hupata dalili kabla, kama harufu ya ajabu, kichefuchefu, ganzi ya mkono? Mwenye dalili ya sekunde ishirini anaweza kukaa chini mwenyewe. Asiye nayo anahitaji mazingira yaliyopangwa zaidi. Mara ya mwisho ilikuwa lini kabla ya hii? Huchukua muda gani hadi akili itulie? Dawa anameza saa ngapi, anazichukua wapi, na je, zimewahi kumwishia kwa sababu alikosa ruhusa ya kwenda kliniki au kituo hakikuwa nazo? Swali hili la mwisho uliulize taratibu. Hapo ndipo mara nyingi utakapokuta sababu halisi, na ni jambo ambalo ofisi yako ina uwezo wa kulirekebisha.

Muulize pia anataka nani ajue, na nini kisemwe. Wenzake wamemwona akianguka, lakini hilo halifanyi ugonjwa wake kuwa tangazo la kiwanda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kuzishughulikia kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria ilipotoa ruhusa. Maelezo yake yakae kwenye bahasha au faili tofauti, kabati lenye kufuli, ufunguo kwako. Yasiingie kwenye faili la kawaida ambalo mhasibu na msimamizi hulifungua kila mwezi, na yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la zamu hata kwa nia njema ya kuomba dua.

Kisha nenda kwa daktari kwa barua, kwa idhini ya kijana iliyosainiwa. Hapa ofisi nyingi huharibu kwa kuandika "tunaomba taarifa ya ugonjwa wa mfanyakazi wetu". Jina la ugonjwa na historia yake havikusaidii kupanga kazi. Eleza kazi yenyewe kwa undani: mashine ya kukandia inayozunguka, tanuri na trei za moto, magunia ya unga ya kilo 50 yanayopangwa juu, zamu za saa fulani hadi saa fulani. Halafu uliza: je, anaweza kufanya kazi ya usiku? Kazi zipi kati ya hizi asifanye kwa sasa, na kwa muda gani kabla ya kuangaliwa tena? Tarehe zake za kliniki ni zipi, na je, anaweza kuandikiwa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja? Akishikwa kazini kuna maelekezo yoyote ya pekee? Ukurasa mmoja unatosha. Kama mnaye daktari anayewafanyia upimaji wa afya kazini chini ya taratibu za OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), ashirikishwe naye, kwa idhini ile ile.

Jibu la swali la kwanza, lile la kazi ya usiku, lina uzito kuliko watu wengi wanavyojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 20, inakataza kumpangia kazi ya usiku mfanyakazi ambaye amethibitishwa kitabibu kuwa hafai kwa kazi hiyo, na inamtaka mwajiri amhamishe, isipokuwa pale isipowezekana kabisa. Usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nyie mnayo zamu ya mchana na alikuwa huko mwezi juzi, kwa hiyo hakuna namna ya kusema haiwezekani. Mwambie mapema kwamba atapoteza nyongeza ya kazi ya usiku, ile asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, ili asije akaiona kwenye hati ya mshahara akadhani ameadhibiwa. Mshahara wake wa msingi usiguswe.

Sasa kazi yenyewe ndani ya zamu ya mchana. Usimwekee marufuku ya jumla. Pitia kituo kimoja kimoja ukijiuliza swali moja: akipoteza fahamu hapa kwa dakika tatu bila onyo, nini kitamgusa? Kwenye tanuri, jibu ni chuma chenye moto na trei mikononi. Hapo asisimame hadi daktari atakaporuhusu. Mashine ya kukandia inategemea. Yenye kifuniko kinachoizima papo hapo kikifunguliwa ni tofauti sana na ile ya zamani ambayo mkono unaingia ikizunguka. Ikiwa yenu ni ya zamani, hata asiye na ugonjwa wowote yuko hatarini, na fedha ya kuweka kinga itawafaa wafanyakazi wote. Mashine ya kukata mikate, hapana kwa sasa. Kupanda juu ya magunia au ngazi, hapana. Kusambaza mikate kwa pikipiki au gari, hapana kabisa. Lakini kupima viungo kwenye mizani, kufungasha, kukagua ubora, kuhesabu kreti na kuandika kinachotoka, hayo yote anayaweza leo. Mkandaji mzuri anajua unga uliokaa sawa kwa kuushika. Mpe kupima na kukagua, ujuzi wake usipotee kwenye kufagia.

Yako mambo madogo yanayosahaulika. Asiachwe peke yake kwenye stoo iliyofungwa. Kitasa cha choo kiwe cha kufunguka kutoka nje kwa sarafu au bisibisi. Zamu yake isibadilishwe kila wiki, na muda wa ziada usizidi kiasi cha kumnyima usingizi. Mapumziko ya chakula yawe kwa saa ile ile, maana wapo ambao njaa ya muda mrefu huwachochea, na wanaomeza dawa mara mbili kwa siku, kama kabamazepini, wanahitaji saa zisizoyumba. Mipango yote hii iandikwe na itazamwe upya baada ya miezi mitatu. Kama hajashikwa tena na daktari ameridhika, mlegezee kituo kimoja kwa wakati. Kumfungia milele kwenye kufungasha kwa sababu ya usiku mmoja nako ni kumwonea.

Huduma ya kwanza mfundishe kila mtu, wiki hii hii, kwa sababu walichofanya wenzake ndicho kilichomvunja jino. Ulimi haumezwi. Kijiko, kitambaa, kidole, kijiti, hakuna kinachoingia mdomoni. Taya la mtu aliyeshikwa lina nguvu ya kuvunja meno na kukata kidole cha mwokoaji. Mikono na miguu isikandamizwe, mnaweza kumteguza bega. Asipewe maji wala dawa ya kumeza mpaka awe macho kabisa, vitamwingia kwenye mapafu.

Kinachofanywa ni hiki. Mmoja aangalie saa mara moja, kwa sababu kila dakika huonekana kama kumi. Mwingine azime mashine na kusogeza vyenye ncha na vya moto. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, hata aproni iliyokunjwa, legezeni kola. Mwacheni atetemeke. Kikishaachia, mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili mate yatoke. Kaeni naye, mkimwita kwa jina kwa sauti ya chini, hadi ajue yuko wapi. Mashambulio mengi huisha yenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Yakipita dakika 5, au likija la pili kabla hajapata fahamu, au ameumia, au anapumua kwa shida, au ni mjamzito, au ni mara ya kwanza katika maisha yake, hapo ni hospitali bila kusubiri. Muwe na namba ya dereva mnayemjua iliyobandikwa ukutani, pamoja na jina la kituo cha afya cha karibu kinachofanya kazi usiku.

Weka kanga mbili safi na suruali ya ziada kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mtu aliyeshikwa huweza kujikojolea, na aibu ya suruali iliyolowa mbele ya wenzake ndiyo huwafanya wengi wasirudi kazini kabisa. Mfunikeni, ondoeni watazamaji, fungeni simu zote za kurekodi. Baada ya hapo huwa amechoka, kichwa kinamuuma, huenda akasema maneno yasiyoeleweka kwa nusu saa au zaidi. Mpeni mahali pa kulala, na asiende nyumbani peke yake kwa bodaboda.

Kuhusu sahani na kikombe. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala mkojo, wala jasho, wala ushuzi wa aliyeanguka. Natoka wazi na hili la mwisho kwa sababu imani hiyo ipo, ndiyo inayowafanya watu wakimbie badala ya kusaidia, na isiposemwa haiondoki. Kifafa ni umeme wa ubongo kukosa mpangilio kwa muda mfupi. Chanzo chake huweza kuwa kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali ya utotoni iliyopanda kichwani, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo. Na mara nyingine chanzo hakijulikani. Ninyi watu wa Morogoro mna ushahidi karibu: Mahenge, wilayani Ulanga, kliniki ya kifafa ilianzishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari Louise Jilek-Aall, akawakuta wagonjwa wanaotengwa na kula peke yao, na kwa dawa hiyo hiyo ya fenobabitoni wengi wao mashambulio yalipungua, wakarudi shambani na kwenye familia zao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa tena wakipata matibabu sahihi.

Mazungumzo na wenzake yawe ya dakika kumi wakati wa kubadilishana zamu, kila zamu kivyake. Somo liwe "mtu yeyote akianguka hapa tunafanya nini", bila kumtaja kijana, isipokuwa kama mwenyewe amechagua kusema. Wengine huchagua, na wakijieleza kwa mdomo wao mambo hupoa haraka, lakini usimsukume. Kile kikombe cha pekee kiondoke siku hiyo hiyo, bila hotuba. Na msimamizi wa zamu akae naye sahani moja mchana. Bango ukutani halifikii nusu ya nguvu ya jambo hilo. Mwenye kumwita kwa jina la ugonjwa wake aonywe kama anavyoonywa mtu wa matusi, kwa maandishi akirudia.

Utasikia pia kwamba amerogwa au ana majini. Usishindane na imani ya mtu wala ya familia yake. Akitaka kuombewa au kwenda kwa mganga, ni uhuru wake. Unalomsihi ni moja tu, dawa za hospitali zisikatwe hata siku moja, kwa sababu ile niliyoieleza juu.

Bosi wako ana hofu mbili, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya tanuri umeshaijibu kwa kumwonyesha mpango wa vituo vya kazi; mpelekee karatasi, si huruma. Ya kuficha ugonjwa, mwambie hivi: kijana hakuwa dereva aliyesaini fomu ya uongo kuhusu uwezo wa kuendesha gari, ambalo lingekuwa jambo jingine. Alikuwa akifanya kazi yake ya mchana vizuri, na alinyamaza kwa sababu alijua kitakachotokea akisema, na ndicho kinachotokea sasa. Sheria ile ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa ikiwemo ulemavu na VVU, na kifungu cha 37 kinasema kusitisha ajira kwa sababu inayohusiana na ulemavu si sababu halali. Kifafa kinachomzuia mtu shughuli zake kinaweza kabisa kubishaniwa kuwa ulemavu. Akiachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa.

Je, ikitokea miezi inapita, dawa zimebadilishwa, na bado anashikwa mara kwa mara hadi kazi haiwezekani? Njia ya haki ipo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali (GN) Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri aangalie chanzo cha kutoweza kazi, ukubwa wake, kama ni cha muda au cha kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine, huku mfanyakazi akisikilizwa akiwa na mwakilishi wake. Kabla ya kufika huko anayo likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Waajiri wengi hushindwa kwenye Tume kwa sababu waliruka hatua hizi, hata pale ambapo sababu yao ingeweza kusimama.

Umetaja wengine wanaofunika maradhi yao. Usiwatafute. Wenye VVU, selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), sonona, kifua kikuu kinachotibiwa, wapo karibu kila mahali pa kazi, na hawana deni la kukueleza. Tengeneza utaratibu unaowasaidia bila wao kujitaja. Mpe kila mfanyakazi nafasi ya siku moja ya kituo cha afya kwa mwezi, bila kuulizwa anakwenda kliniki gani. Maji ya kunywa yawe karibu na kila kituo na watu waruhusiwe kuvaa nguo nzito wanapofanya kazi kwenye chumba cha baridi, kwa sababu upungufu wa maji na baridi ni vichochezi vya maumivu ya selimundu. Maombi ya kubadilishiwa zamu yaje kwako moja kwa moja, si kupitia msimamizi mwenye mdomo mwepesi.

Na angalia karatasi za ruhusa. Cheti chenye mhuri wa kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, au ya afya ya akili, kinatangaza ugonjwa wa mtu kwa kila mkono unaokipokea, kuanzia mlinzi wa getini hadi karani wa mishahara. Tangaza kwamba kiwanda kinapokea cheti chenye mhuri wa jumla wa kituo, jina la mtu, tarehe na idadi ya siku tu, kinaletwa kwako kikiwa kimefungwa, na kwa msimamizi inakwenda karatasi yako yenye maneno mawili: "ruhusa imetolewa".